Ndevu za Wilfrido na Leseni ya Kupulizia Dawa

Tieton, Washington
14 Januari 2018

Shangazi yangu Eufrosina,

Shikamoo. Naandika nikiwa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, kwa hiyo ukikuta karatasi imelowa usidhani ni machozi. Ni maji ya miguu tu.

Sisi hatujambo. Mkweo Maricela bado anapanga matufaha kule kiwandani. Mikono imempasuka kwa baridi lakini anacheka kama unavyomjua. Binti yetu Nayeli yuko darasa la tatu. Juzi alinirekebisha Kiingereza changu mbele ya keshia dukani, nikaona haya na fahari kwa pamoja. Theluji imefika magotini na sisi tunapogoa miti humohumo. Magoti yangu, haya uliyoyaombea, yanalalamika kila nikipanda ngazi, ila yanapanda. Yakipanda namshukuru Mungu, kisha nakushukuru wewe.

Kuku wako vipi? Na sikio la kulia, bado linasikia kengele ya kanisa au nalo limefunga duka? Wenzangu wanaongea na kwao kwa simu kila Jumapili. Mimi kwetu hakuna mnara, na hata ungekuwepo, wewe ungenisikia wapi. Basi tuendelee hivi, mimi na mwandiko wangu wa darasa la nne.

Sasa jambo lenyewe. Mzee Melitón, anayeendesha mtambo wa kupulizia dawa hapa shambani, anaondoka kwenda kuishi na wanawe. Bosi Halvorsen ametangaza kwamba atakayepata leseni ya kupulizia dawa atachukua kazi ile na nyumba ya Melitón. Kazi ya mwaka mzima, shangazi. Mahali pamoja. Hakuna tena kufuata mavuno ya cheri, kisha pea, kisha matufaha, kisha kufungasha sufuria na kumhamisha Nayeli shule akiwa ndiyo kwanza amejua majina ya wenzake. Nimechoka kupakia maisha yetu kwenye gari.

Nimejiandikisha kwenye masomo. Yanafundishwa kwa Kihispania, jioni, na kitabu ni kinene kama biblia ya padri. Mwalimu anasema lebo iliyobandikwa kwenye dumu la dawa ni sheria, si ushauri. Ukiikiuka umevunja sheria, hata kama hakuna aliyekuona.

Kuna kitu kimoja tu. Mpuliziaji lazima avae barakoa ya mpira, ina vichujio viwili mashavuni, na lazima imgande usoni pasipobaki hata upenyo. Inataka uso mtupu.

Najua unachowaza. Nilipoanguka ngazini nikalala hospitali bila kuhisi miguu, wewe ulikwenda mbele ya Bwana wa Majeraha ukaweka nadhiri: akinisimamisha, ndevu zangu hazitaguswa na mkasi wala wembe mpaka nije mwenyewe kupiga magoti mbele ya sanamu yake. Alinisimamisha. Nami sijazigusa. Zimefika kifuani na huku wananiita Ndevu, hata kwenye karatasi ya mshahara karani aliwahi kuandika hivyo. Kuja huko na kuvuka mpaka tena kurudi huku si jambo la mtu kama mimi, sababu unaijua, sitaiandika.

Nakupa habari tu. Siombi kitu.

Mwanao anayekuheshimu,
Wilfrido


Santa Inés del Cerro
6 Februari 2018

Mwanangu Wilfrido,

Marahaba. Barua yako ilikuja na muuza mikate, alikaa nayo siku kadhaa kwenye kapu, inanukia sukari. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya mwandiko wako.

Mimi mzima. Kahawa imekauka vizuri mwaka huu, nimeianika juu ya paa na jirani mwivi ni ndege tu. Jogoo mwekundu amekufa, tumemla. Sikio la kulia linasikia kengele endapo upepo unatoka upande wa kanisa. La kushoto nimelisamehe. Mlezi wa sherehe ya Bwana mwaka huu ni Leobardo, na tangu apewe funguo za kanisa anatembea kama aliyelijenga yeye. Mama yake, bibi Petra, akili inakuja na kuondoka, lakini bado anafika kunywa kahawa kwangu, na tunaelewana sana kwa kuwa mimi sisikii na yeye hakumbuki.

Mwambie Maricela apake mafuta ya nguruwe mikononi, alale na soksi mikononi. Atanuka, lakini ngozi itafunga.

Hiyo leseni, ni ya kuua wadudu au ya kukuua wewe? Nauliza kwa sababu nilikuwepo Sinaloa. Ulikuwa mdogo lakini lazima unakumbuka ile ndege ilivyotupitia juu tukichuma nyanya. Ukungu ukatushukia, tukafuta macho, tukakaa chini tukala tortilla za mahindi kwa mikono ileile. Usiku ulitapika. Nyapara alisema ni jua. Hakuna aliyetuambia ni kitu gani. Sasa wewe ndiye unataka kukaa kwenye hiyo ndege?

Unijibu hapo kwanza. Kuhusu lile la uso, chumvi imeniishia na duka linafungwa, nakwenda.

Shangazi yako,
Eufrosina


Tieton
4 Machi 2018

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole kwa jogoo. Maricela alipaka mafuta ya nguruwe, mikono inapona. Mimi ndiye sipati usingizi, nyumba nzima inanuka kama kibanda cha mkaanga nyama, lakini anakushukuru sana na amesema nikuandikie hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Umeuliza, nakujibu. Nakumbuka ile ndege. Ndiyo maana nilikaa darasani jioni zote zile na macho yanafumba. Hapa mtu hapulizii tu. Lazima atundike ubao kwenye lango la shamba, una picha ya mkono ulionyooshwa na uso unaokataza, na watu hawaingii mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo uishe. Upepo ukija kuelekea walipo watu, unazima mtambo. Na jina la mwenye leseni linaandikwa. Shangazi, pale Sinaloa tungemtafuta nani? Rubani hata uso wake hatukuuona. Mimi nataka anayepulizia awe mtu aliyekula tortilla na ule ukungu. Basi, nimejieleza.

Mtihani nimepita! Sikuamini. Nayeli alikuwa ananisaili jikoni, kashika kitabu juu kama hakimu.

"Baba, dawa ikikurukia machoni?"

"Nakuita wewe ulie badala yangu."

"Baba! Jibu la kweli!"

"Maji safi, mengi, muda mrefu, kisha daktari na lebo mkononi."

"Sawa. Na ukirudi nyumbani, unanikumbatia?"

"Hapana. Kwanza naoga, nabadilisha nguo."

"Kuna swali hilo kwenye mtihani?"

"Lipo," nikamwambia, na kweli lilikuwepo.

Sasa la uchungu. Wiki hii tulipimwa barakoa. Bibi mmoja wa usalama anakuvisha barakoa, kisha anakufunika kichwa kizima kwa kofia kama mfuko, halafu anapulizia humo ndani kitu kichungu. Unageuza kichwa, unainama, unasoma kwa sauti. Ukionja uchungu, barakoa inavuja. Mimi hata sikufika kwenye kusoma. Ile kugeuza shingo tu, mdomo ukajaa shubiri. Nikakohoa mpaka nikatoa machozi. Yule bibi alizitazama ndevu zangu, akasema kwa Kihispania kizuri tu, "Bwana, mimi nilijua kabla hujakaa, lakini nilitaka ujue na wewe."

Nyapara Rosalío alikuwepo, akashika tumbo kwa kucheka. "Wee Ndevu, unataka sumu ipite kwenye huo msitu ipotee njia?" Nikamwambia ipo barakoa nyingine ya mota, kama kofia ya mwanaanga, hiyo haijali ndevu. Akasema, "Ipo. Inauzwa. Muombe Halvorsen uone atakavyocheka kwa Kiingereza."

Nilimuomba. Hakucheka. Ila alisema machipukizi ya matufaha yakionyesha ncha za kijani, trekta inatoka, na kama si mimi juu yake basi ni shemeji wa Rosalío, ambaye naye leseni anayo na kidevu chake hakioti hata unyasi. Nyumba inakwenda na trekta.

Sijanyoa. Rosalío anasema nina wazimu, Mungu gani anahesabu nywele za mtu. Mimi najua kwamba nilikuwa sihisi miguu na sasa naihisi, na kwamba kati ya hayo mawili wewe ulisema neno mbele ya Bwana. Siwezi kulivunja neno lako nikiwa mbali, eti kwa sababu huoni.

Kila asubuhi kabla ya kazi napita kwenye mti wa kwanza kutazama machipukizi. Leo bado yana rangi ya fedha.

Mwanao,
Wilfrido


Santa Inés del Cerro
10 Machi 2018

Mwanangu,

Marahaba. Sijapata jibu lako, huenda liko kwenye kapu la mikate. Abundio, mtoto wa fundi viatu, anaondoka kesho kuja pande zenu, kwa hiyo naandika haraka na hii haitapita posta.

Jana ilikuwa Ijumaa ya nne ya Kwaresima. Sanamu ya Bwana ilitoka, ikazungushwa kijiji kizima, fataki nyingi, hata mimi nilizisikia kwenye mbavu. Leobardo aliwalisha watu wote mchuzi wa mole na nyama ilitosha. Hali ya hewa ni kavu.

Nyoa.

Nimelimaliza na Bwana, na Leobardo ni shahidi, na padri pia alikuwepo. Hudaiwi kitu. Usiniulize nilivyolimaliza, hilo ni langu na Yeye.

Zifungie hizo nywele kwenye kitambaa uzizike mahali pasafi. Usizitupe jaani. Na uvae hiyo barakoa kila siku, hata siku ya joto, hata nyapara akisema ni kazi ya dakika moja. Hasa akisema hivyo.

Shangazi yako,
Eufrosina


Tieton
22 Aprili 2018

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo mara nyingi. Hujambo? Shingo yako haijambo? Nitakwambia kwa nini nauliza shingo.

Abundio alifika Jumapili ya Matawi, mchafu, na amekonda. Maricela alimpa supu na yeye akavua kiatu, akatoa barua yako chini ya soli. Ilikuwa na umbo la unyayo wake. Nilisoma lile neno moja lililokaa peke yake kwenye mstari nikatoka nje. Siku ile machipukizi yalikuwa yameanza kupasuka, ncha moja moja, kijani kama kucha ya mjusi, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwona shemeji wa Rosalío anapima upana wa milango ya nyumba ya Melitón.

Maricela alikata kwa mkasi, kisha akanyoa kwa wembe pole pole. Nayeli alisimama mlangoni hataki kusogea. "Baba, una rangi mbili," akasema, na kweli nusu ya juu ilikuwa kahawa na nusu ya chini unga. Nilizifunga kwenye kitambaa, nikazizika chini ya mti wa kwanza wa safu ya kwanza. Natumaini hapo ni pasafi.

Jumanne nikarudi kwa yule bibi wa usalama. Barakoa ikaninasa usoni kama mkono wa mtu. Kofia, ule uchungu, nikageuza kichwa, nikainama, nikasoma ukurasa mzima kwa sauti. Sikuonja kitu. Alirudia kupulizia. Sikuonja kitu. Shangazi, sijawahi kufurahia ladha ya kitu chochote kama nilivyofurahia ile ya kutokuwa na ladha. Rosalío akasema, "Kumbe una kidevu! Tulidhani tumeajiri mwanaume, kumbe ni mtoto wa komunyo ya kwanza." Lakini alinipa mkono. Ni mtu mzuri, mdomo tu.

Tuko kwenye nyumba. Ina jiko la umeme, ina chumba cha Nayeli peke yake, na mlango ni wa bluu. Picha niliyoambatanisha alipiga Maricela, ni mimi nimesimama mlangoni na hivyo ndivyo nilivyo sasa. Tumefungua masanduku yote. Tangu tuoane hatujawahi kufungua yote.

Siku ya kwanza ya kazi nilitundika ubao langoni kabla jua halijachomoza, upepo ukiwa umelala. Nilipokuwa katikati ya safu nikaona kundi la wapogoaji wanakata njia kupitia shambani. Nilizima mtambo, nikashuka, nikawaendea nikipunga mikono kama mwendawazimu.

"Rudini! Zungukeni kule barabarani! Ubao hamuuoni?"

"Wee Ndevu, tangu lini umekuwa serikali?"

"Tangu Jumatatu! Rudini!"

"Na ndevu zenyewe huna!"

Walirudi, wananitukana kwa upendo. Miongoni mwao kulikuwa na mama mmoja na kitoto mgongoni. Hakujua nilichokuwa napulizia, lakini alijua ni nani wa kumuuliza. Alikuja kuniuliza kesho yake, nikamwambia jina la dawa, na siku ya kuingia, na kwamba asiokote majani yale. Alisema asante akaenda zake. Nilirudi kwenye trekta nikaiwasha.

Sasa shingo. Ulisema nisikuulize. Sikuulizi. Abundio ndiye alisema, nami sikumuuliza, alikuwa anasimulia sherehe tu huku anakula. Alisema Bwana mwaka huu alitoka na nywele mpya, ndefu mpaka kiunoni, nyeusi zenye mistari ya mvi, na akina mama walinong'onezana njia nzima kwa sababu Bwana hajawahi kuwa na mvi. Na alisema alipokuja kuchukua barua kwako, ulikuwa umejifunga mtandio ndani ya nyumba, mchana, kwenye joto.

Niliacha kijiko. Mimi nilikua nikishika msuko wako, shangazi. Sokoni, kwenye basi, kule kwenye nyanya. Ulikuwa unasema nishike hapo nisipotee. Hujawahi kuukata hata ulipougua homa ile.

Sijui jinsi ya kushukuru kitu kama hiki. Nilitafuta maneno kwenye Kihispania chote ninachokijua, na kwa Kiingereza ndiyo kabisa. Nimewasha mshumaa. Nimefanya kazi vizuri. Kila asubuhi nikivaa ile barakoa na kuikaza, nasema jina lako kabla sijawasha mtambo. Ndicho nilicho nacho.

Mwanao,
Wilfrido


Santa Inés del Cerro
13 Mei 2018

Mwanangu Wilfrido,

Marahaba. Barua na picha vimefika salama. Namshukuru Mungu kwa nyumba, kwa jiko, kwa mlango, na kwa huyo mama mwenye kitoto aliyekuwa na mtu wa kumuuliza. Mwambie Maricela masanduku matupu asiyatunze. Ayachome. Ukitunza sanduku utasafiri tu.

Abundio ana mdomo mpana kuliko lango la kanisa. Lakini kwa kuwa ameshasema, ngoja nikueleze sawasawa, usije ukafikiri shangazi yako ni mtakatifu.

Barua yako ya kwanza ilinikasirisha. Sikukukasirikia wewe. Nilikaa siku nyingi nikiwaza, nani alimpa Eufrosina ruhusa ya kuahidi ndevu za mtu mwingine? Nilikuwa nimeogopa wakati ule, wewe umelala huko huhisi miguu, nikashika kilichokuwa karibu nikaahidi. Ilikuwa kama kualika wageni sherehe kwa kuku wa jirani. Wewe ndiye ukawa unalipa, kimya, miaka yote, na wanakucheka. Na sasa nadhiri yangu ilikuwa inakula nyumba yako.

Nikaenda kwa Leobardo. Nikamwambia nataka kubadilisha nadhiri. Akavimba. Nikamsoma midomo, na ukitaka kujua, anaongea vizuri zaidi usipomsikia.

"Doña Eufrosina, nadhiri si shati, haibadilishwi."

"Sibadilishi nadhiri. Nabadilisha mlipaji. Mdomo ulikuwa wangu, na kichwa kiwe changu."

"Padri atasema nini?"

"Padri nimeshamuuliza. Amesema Bwana hakuomba ndevu za mtu, ni mimi niliyezipeleka. Amesema pia wewe unachelewa kufungua kanisa."

Alileta mkasi wa mkewe wa kushonea. Nikakata mwenyewe, mbele ya Bwana, msuko mzima kwa mara moja, ulikuwa mgumu kama kamba ya punda. Sikulia. Nilicheka, kwa sababu kichwa kilipanda juu kama kifuniko cha sufuria. Akina mama wa sherehe wakaushona kwenye nywele za Bwana. Mvi zilinitia aibu kidogo, lakini naye amezeeka nasi, kwa nini ajifanye kijana?

Shingo haijambo. Asubuhi inapata baridi. Nimeshona mtandio mwingine. Usiniletee shukrani nyingi, mwanangu, hazina pa kukaa, nyumba ni ndogo. Ulipokaa bila kunyoa na machipukizi yanafunguka na nyumba inakuponyoka, wewe ulinipa mimi kitu kikubwa kuliko nywele. Barua yako ile ya Machi ilinifikia baada ya Pasaka. Niliisoma nikiwa nimesimama, na sikuweza kukaa mpaka jioni.

Sasa picha. Niliiweka mezani nikatengeneza kahawa, bibi Petra akaingia. Aliishika karibu na pua. Midomo yake naisoma vizuri, haina meno ya kunichanganya.

"Huyu ni Crescencio," akasema.

Nikaitazama tena. Sikuwa nimeona. Ndevu zilipoondoka ametoka marehemu baba yako humo, kidevu kilekile, na ile namna ya kusimama mlangoni kama anayeomba radhi kwa kuuziba. Kaka yangu, miaka yote hii nimekuwa nikimkumbuka vibaya.

"Kanenepa," akasema bibi Petra.

"Eh, kanenepa."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Kaskazini. Kwenye matufaha. Amepewa nyumba."

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Mwambie namsalimu," akasema, akavuta kikombe chake. Sikumrekebisha. Tulikunywa kahawa yote, yeye akiitazama picha na mimi nikiitazama, mpaka akasahau alichokuwa anatazama akaaga akaenda kwao.

Basi, bibi Petra anakusalimu.

Shangazi yako,
Eufrosina